Uzinduzi wa Kambi ya Marehemu Annah Munyiva, Ghorofa ya Tisa, Upper Hill

Mchungaji wetu mpendwa Mwaura, uliyetufungulia kwa maombi mafupi ya dakika arobaini. Wazee wa kanisa mlioketi mbele, na wazee wa kanisa mliokosa viti vya mbele, ambao malalamiko yenu yamefika mezani kwangu na yanashughulikiwa. Akina mama wa ushirika, pamoja na vitambaa vyenu vipya. Wazazi mlioacha biashara zenu na kupanda ngazi kwa sababu lifti imechoka. Watoto wetu thelathini na wanane mlioketi sakafuni na mablanketi yenu kama kadi ilivyoagiza. Bi Rumaisa Sharif, wakili msomi kutoka River Road na msimamizi wa wosia uliotukutanisha, uliyefika hapa saa mbili kamili kama kadi ilivyosema, jambo lililoivuruga sana ratiba yetu. Wageni waalikwa, na wageni ambao hatujui walialikwa na nani lakini wanaendelea na chai. Na mimi mwenyewe, Mwangangi, Naibu Mkurugenzi Mstaafu, Mzee wa Kanisa, Balozi wa Amani wa Spring Valley, na Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kudumu ya Muda ya Kambi ya Watoto: Bwana asifiwe! (Amina.) Bwana asifiwe tena! (Amina, kwa uchovu.)

Nimeshauriwa na waandaaji niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, halafu niketi. Nimewajibu kwamba itifaki ni kama chumvi: haisemwi kwamba imetiwa, inatiwa. (Kicheko kimoja, cha katibu wa kamati.)

Ndugu zangu, kwa wale ambao hawakumfahamu marehemu Annah Munyiva, nitamweleza kwa ufupi, na ufupi wangu mnaujua. Alikuwa mama wa kwetu Ukambani aliyeshona mahema kule River Road kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye chumba cha juu ya duka la misumari, na hapa Nairobi hakuna harusi wala matanga ya maana ambayo hayakufunikwa na turubai iliyopita chini ya sindano yake. Hakujaliwa mtoto. Lakini alipokuwa na umri wa miaka tisa, mwaka wa njaa, kanisa la kwao lilimpeleka kambi ya Agosti, wiki moja tu, na wiki ile alifundishwa nyimbo, akafundishwa Neno, akalala kwenye hema. Alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza mama mmoja wa kambi alipita na sufuria, akamuuliza, "Umeshiba?" Yeye akaanza kulia, kwa sababu tangu azaliwe alikuwa ameulizwa mengi lakini si hilo. (Mama mmoja anajifuta macho kwa kitambaa chake.)

Sasa, alipolazwa aliniita mimi. Nataka hili liingie kwenye rekodi. Nilikwenda hospitalini nikiwa na suti hii hii na kalamu. Akanitazama, akaniambia, "Mwangangi, unajua kwa nini nimekuita?"

Nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba, "Ni kwa sababu ya tajriba yangu ya uongozi, Mwaitu."

"La," akasema. "Ni kwa sababu wewe una gari. Nataka uwapeleke watoto shambani kwangu Masii. Nawaachia ekari zote nane na mahema thelathini niliyoyashona kwa mkono wangu. Walaze pale likizo ya Agosti, wafundishwe Neno, wacheze, washibe."

Nikamuuliza kuhusu jengo. Akasema, "Usijenge kitu. Sijawaachia jengo. Nimewaachia nyasi." Nami, kwa kuwa nimezoea kusikiliza wananchi na kutambua mahitaji yao ambayo wao wenyewe hawajayatambua, nikaandika kwenye daftari: jengo. (Minong'ono.)

Nilimuuliza pia, kwa upole, kwa nini wosia wa kambi ya Kikristo auweke mikononi mwa wakili Mwislamu kutoka Pwani. Akanijibu, "Tumekaa mlango kwa mlango miaka kumi na tisa, na kila nikimwachia ufunguo, naukuta." Jibu hilo sikulielewa, lakini nililiheshimu. (Bi Rumaisa anainamisha kichwa kidogo.)

Mwaitu akaaga dunia. Tukamzika, na siku ya maziko nilitoa hotuba ambayo wengi wenu bado mnaizungumzia. Tangu siku ile kamati yangu haijalala! Katika miaka hii mitatu tumefanya vikao arobaini na saba, ambavyo arobaini na vinne vilikuwa na chai. Tumeunda kamati ndogo ya nyasi, kamati ndogo ya nyota, na jopo la wataalamu la kuoanisha kamati hizo mbili. Tumefanya feasibility study, yaani upembuzi yakinifu, tukafanya feasibility study ya ile feasibility study, na zote zimekubaliana kwamba watoto wapo. (Makofi kutoka meza ya kamati.) Tulisafiri kwa ziara ya mafunzo ya siku sita kwenye hoteli moja ya ufuoni, ili kujionea jinsi mtu anavyojisikia akiwa kambini, na ninaweza kuripoti kwamba anajisikia vizuri. Kuhusu yale mahema thelathini, yako salama nyumbani kwangu Spring Valley, yamefungiwa stoo, isipokuwa yale kumi na manne tuliyoyafanyia majaribio ya uthabiti kwenye harusi ya mwanangu. Yalifaulu! Mvua ilinyesha na hakuna mgeni aliyelowa! (Sauti ya mwanamke: "Ndio maana hatukualikwa?" Kicheko kirefu.)

Mama, swali lako ni zuri na litajibiwa kwa maandishi.

Geuzeni macho yenu hapa ukutani. Katibu, toa kitambaa. (Kitambaa kinatolewa. Mchoro mkubwa wa rangi unaonekana.) Oneni! Kambi ya Kimataifa ya Marehemu Annah Munyiva, ambayo leo hii naizindua rasmi! Huo ni ukumbi wa chakula wa watu mia sita. Hilo ni bwawa la kuogelea lenye umbo la msalaba. Lile ni bweni la wavulana, lile la wasichana, na hilo refu katikati, lenye bendera, ni ofisi ya mwenyekiti. Utayari wa mradi kwa jumla umefikia asilimia tisini na tatu, na asilimia saba iliyobaki ni kambi yenyewe. (Makofi machache yanaanza, yanakatika.)

Ndiyo, mtoto? Inua mkono juu, usiogope, hii ni serikali ya kusikiliza, samahani, hii ni kamati ya kusikiliza. (Msichana wa miaka kumi hivi, mwenye blanketi la bluu, anasimama: "Naitwa Ivyne. Basi inatoka saa ngapi? Kwa kadi mlisema tukuje na blanketi ju tunaenda kulala camp.")

Swali muhimu sana, Ivyne. Kadi ilisema mtalala, na mtalala. Hapa! (Mshangao.) Tulieni, wazazi, tulieni. Mnakumbuka kwamba wosia una kipengele cha tatu, ambacho kimeeleweka vibaya, kinachosema kwamba kamati isipowalaza watoto ndani ya miaka mitatu tangu maziko, basi haya na yale yatatokea. Miaka hiyo inatimia leo. Kwa hiyo wataalamu wetu wamependekeza suluhisho la kiteknolojia: watoto watajilaza kwenye zulia hili, wafunike mablanketi, wafumbe macho kwa dakika kumi chini ya mchoro, mpiga picha apige, na kisheria hiyo ni kambi. Watoto, lalani! (Watoto wanatazamana. Mmoja analala. Mama yake anamwinua kwa mkono.)

Bi Rumaisa amesimama. Karibu, wakili msomi, ingawa nafasi yako ya kuzungumza kwenye ratiba ni baada ya chakula. (Bi Rumaisa: "Sitachukua muda, mheshimiwa. Wosia haukusema walale tu. Umesema walale pale shambani. Nami nimeshika wosia, sina ruhusa ya kuongeza neno wala kupunguza. Sasa nakuuliza, nawe unijibu taratibu ukitaka: katika miaka hii mitatu, pamepata kulala mtoto kwenye lile shamba?")

Nashukuru kwa swali hilo, kwa maana linaniwezesha kuthibitisha mbele ya kadamnasi hii kwamba ardhi ya marehemu imelindwa kikamilifu. Kikamilifu! Hakuna aliyekanyaga nyasi zile bila kibali cha kamati akabaki bila kuandikwa. Ninayo ripoti hapa. Mwezi wa Aprili mwaka huu, likizo ya shule, mlinzi wetu alitupigia simu asubuhi kwamba kuna uvamizi. Nanukuu: "Nimekuta watoto ishirini na watatu na mwalimu mmoja wa kike, chini ya turubai mbili za lori. Walikuwa na sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe. Walikuwa wakiimba pambio. Nilipowauliza wametumwa na nani, mwalimu alisema wametumwa na marehemu." Uvamizi, ndugu zangu! Mchana kweupe!

(Bi Rumaisa amefungua kalamu: "Umesema mchana, mheshimiwa. Usiku walikwenda wapi?")

Hawakwenda popote! Hilo ndilo linaloniuma! Walilala pale pale! Usiku tatu mfululizo, ninayo ripoti ya kila usiku, yenye saa na sahihi ya mlinzi! Na mvamizi mwenyewe namjua kwa jina, yumo humu ukumbini, ni mwalimu wa shule ya Jumapili wa kanisa letu wenyewe, Stellah Kamene. Simama, Stellah, watu wakuone! (Stellah Kamene anasimama. Amevaa sweta ya kijani.)

(Stellah: "Ni kweli, mheshimiwa. Nilikuja kwa ofisi yako mara tisa kuuliza kambi ni lini. Mara ya tisa sekretari akaniambia nijaze fomu ya kuomba fomu. Hawa watoto wa Kangemi nilikuwa nimewaahidi. Ningewaambia nini tena? Nikachukua turubai kwa ndugu yangu, nikaenda. Kama ni makosa, ni yangu, si ya watoto.")

Mmesikia! Amekiri! (Ivyne, bila kuinua mkono: "Turubai ilivuja. Mvua ikatupata sisi wa upande wa huku, tukahamia upande wa kina Kitavi. Lakini tulilala. Na Teacher Stellah alitufundisha Zaburi, mimi najua yote. Na asubuhi alipita na sufuria akauliza nani hajashiba, mtu hakuinua mkono.")

Vyema. Vyema sana. Huyo ni shahidi mwingine wa uvamizi. Wakili msomi, mbona unaandika kwa haraka hivyo? (Bi Rumaisa: "Naandika maneno yako, mheshimiwa, yasinipotee. Na ile ripoti ya mlinzi, nikuombe nakala. Ahsante.") Mpeni! Mpeni nakala mbili! Kamati hii haina la kuficha!

(Bi Rumaisa anavaa miwani na kusoma kwa sauti kipengele cha tatu: "Miaka mitatu ikipita tangu nizikwe, kamati isipomlaza pale hata mtoto mmoja, shamba na mahema vimwendee muumini yeyote wa kanisa hili ambaye amewalaza, naye asiulizwe kibali." Anavua miwani. "Mheshimiwa, nilikuwa nimekuja hapa nikiwa na wasiwasi. Mwalimu Stellah alinieleza habari za Aprili, lakini hakuwa na hati hata moja, na mahakamani mtu huulizwa hati. Wewe umenipa hati ya kila usiku, tena yenye sahihi." Ukumbi unalipuka kwa vifijo. Akina mama wa ushirika wanapiga vigelegele. Stellah Kamene ameketi, amefunika uso kwa mikono yote miwili.)

Utulivu! Utulivu, ndugu zangu, hotuba ina kurasa kumi na moja zaidi! Kwanza, naomba ieleweke kwamba nilipotumia neno "walilala" nilikuwa nikilitumia kwa maana pana. Pili, uvamizi si kambi. Tatu, mchungaji atawaeleza. Mchungaji Mwaura, waeleze. (Mchungaji Mwaura anasimama polepole: "Mwenyekiti, waliimba, wakasoma Neno, wakala, wakalala kwenye shamba la Annah. Mimi nimekuwa mchungaji miaka ishirini na sita, na hiyo naiita kambi." Anamwendea Stellah, anamshika bega.)

Kamati itakata rufaa! Kamati itaunda kamati ya rufaa! Bwana Mbuthia, wewe ni mzazi na ni mtu wa biashara, keti, mbona unasimama? (Mbuthia, mwenye basi la kukodisha: "Mheshimiwa, basi yangu iko hapo chini tangu saa mbili. Kadi ilisema camp, nikaleta basi. Mafuta iko. Teacher, tukitoka saa hii tunafika Masii na jua. Watoto, chukueni blanketi." Watoto wote thelathini na wanane wanasimama kwa pamoja.)

Ngojeni kidogo! Ngojeni, chakula cha mchana kimeagizwa cha wageni mia mbili! (Mama mmoja: "Tutakibeba!" Akina mama wa ushirika wanaelekea jikoni. Bi Rumaisa anafika jukwaani, ananyoosha mkono: "Ufunguo wa stoo, mheshimiwa. Basi litapitia Spring Valley kuchukua mahema." Mwenyekiti anatazama mkono ule. Anapapasa mfuko wa koti, halafu wa suruali. Anautoa ufunguo. Anaushika kidogo, kisha anauweka kwenye kiganja cha wakili.)

Umechukua. Sawa. Iandikwe kwamba nimekabidhi kwa hiari, katika mazingira ya ushirikiano. (Ngazini kunasikika pambio. Viti vya nyuma vimebaki vitupu, kisha vya katikati.)

Kwa hivyo, ndugu zangu mliobaki, yaani katibu, na wewe mhudumu wa chai, naomba tumalizie ajenda kwa kauli mbiu, kwa maana hotuba isiyo na kauli mbiu haijaisha. Nikisema "Kambi yetu", mnasema "Maendeleo yetu". Kambi yetu! (Katibu: "Maendeleo yetu.") Watoto kwanza! (Mhudumu wa chai: "Nikusanye vikombe?") Mtoto wa leo, kiongozi wa baadaye! Nyasi leo, lami kesho! Tulisema, tukapanga, tukasema tena!

Na sasa shukrani. Namshukuru mchoraji wa River Road aliyetuchorea hii picha kwa ustadi mkubwa kutoka kichwani mwake, kwa kuwa hatukuwa na kitu cha kumwonyesha. Nawashukuru wakandarasi ambao, kwa kutoitwa, hawakuchelewa. Namshukuru mlinzi wa shamba, ambaye ndiye mtu pekee katika mradi huu aliyewahi kufika kwenye mradi. Ukumbi wa chakula haupo. Bwawa la kuogelea halipo, na nimeambiwa maji pia ni ya kuteka mtoni. Ofisi yangu ile yenye bendera haipo. Katika vikao arobaini na saba hatukung'oa hata nyasi moja, na leo nadhani hilo ndilo tuliloagizwa na marehemu, kwa hivyo liingie kwenye rekodi kama mafanikio.

(Katibu amezima kompyuta yake. Mwenyekiti anakunja kurasa zilizobaki.)

Kuna jambo moja halimo kwenye hotuba. Mwaka ule wa njaa, mimi na Annah tulikuwa kijiji kimoja. Kanisa lilileta lori la kuchukua watoto wa kambi, nafasi kumi na mbili. Sisi tulipanga foleni tangu alfajiri, nami nilikuwa wa kumi na tatu. Nikalifuata lori lile mbio mpaka darajani. Annah aliporudi akanihadithia kila kitu, hata ladha ya uji, na mimi nikamwambia kwamba kambi ni za watoto wadogo, mimi ni mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka minane. Kwa hivyo nikizungumza kuhusu kambi, ndugu katibu, huwa nazungumza kuhusu kitu ambacho sijawahi kukiona. Nadhani niliogopa kidogo kwenda nikiwa mzee na kukuta ni kizuri kama alivyosema.

(Honi ya basi inalia chini, mara mbili.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Mungu awabariki, Mungu aibariki Kenya. Katibu, shika hizi karatasi. Shika na koti. Wewe wa chai, nisaidie kufungua hilo dirisha, hizo ngazi zitanichelewesha. (Mwenyekiti ameacha kipaza sauti kikiwaka na kutoa kichwa dirishani.) Mbuthia! We Mbuthia! Usitoe basi! Kuna nafasi ngapi humo?